Mtandao Uliokatika Kabla ya Mvua

Mfaranyaki, Songea
Ijumaa alasiri

Mwanangu Skola,

Umekwenda Mpitimbi kumuaga bibi yako, na nyumbani nimebaki mimi na begi lako lililokaa karibu na mlango. Nimeona niandike sasa, kungali na mwanga, kwa sababu ukirudi utakuwa umechoka, na kesho alfajiri stendi si mahali pa kusemea jambo refu. Tena mimi na wewe hatujazungumza vizuri tangu Jumapili. Tumesalimiana, tumekula pamoja, umeniitikia "ndiyo, mama" kwa adabu yote, lakini mazungumzo hayakuwapo.

Sababu tunaijua wote wawili. Nilimpigia simu mkuu wako mpya wa kazi kule Njombe. Zamani alikuwa mwanafunzi wangu, na nilipotambua kwamba ndiye atakayekupokea nilifurahi kupita kiasi. Nilimwomba akuangalie, asikuachie mitambo ya wodini peke yako mwanzoni, na ukikwama anipigie mimi. Yeye kwa wema wake akakuandikia ujumbe wa kukukaribisha, akasema usiwe na hofu, mama yako ameshapanga kila kitu. Ulinisomea ujumbe ule ukiwa umesimama jikoni, mwiko mkononi. Kisha ukasema, "Mama, nimesoma miaka yote ile ili niende kwa watu nikiwa mtoto wa Mwalimu? Niache nikosee mwenyewe."

Nilikujibu kwa sauti ya darasani, nawe ukarudi kukoroga sufuria. Sasa ninajibu upya. Unakwenda kutunza mtandao wa hospitali, na ni kazi yako ya kwanza. Utaingia pale kama fundi, au utaingia kama mtoto aliyeombewa: hilo ndilo tunalogombania, nami nakubali kwamba si jambo dogo.

Sitakuandikia kuhusu sweta. Njombe ni baridi nawe una akili. Sitakuandikia kuhusu kanisa, wala chumba cha kupanga, wala watu wa kuazimana nao vyombo. Nataka nikueleze habari ya famasi na mvua. Umeisikia mara nyingi, lakini kwa ufupi ambao ulinipendeza: kwamba mtandao ulikuwa ukikatika, mama akatafuta, mama akapata. Hivyo ndivyo nilivyoisimulia mezani kila tulipopata wageni. Habari yenyewe ni ndefu kuliko hivyo, na sehemu niliyokuwa nikiiruka ndiyo yenye faida kwako.

Unajua nilivyoingia katika kazi hii. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili. Shule ilipoletewa kompyuta, mkuu wa shule alinikabidhi funguo za chumba kwa sababu moja tu: katika walimu wote, nilikuwa peke yangu niliyesoma kijitabu cha maelekezo mpaka ukurasa wa mwisho. Nilikisoma kwa kalamu nyekundu mkononi, nikisahihisha tafsiri. Baadaye nikasoma masomo ya jioni, nikapata cheti, na nilipostaafu ualimu hospitali ikanichukua. Nilikwenda huko na tabia za darasani. Nilizoea kwamba swali lina jibu, na kwamba mwenye jibu ni yule aliyesimama mbele.

Hospitali yetu, kama ujuavyo, ina majengo matatu yanayobeba mtandao wote: jengo la utawala penye seva, ile kompyuta kuu yenye kumbukumbu zote, jengo la famasi na wodi, na karakana ya maseremala iliyo pamoja na stoo. Kila jengo lina swichi yake, yaani lile sanduku la milango mingi linalopokea kebo za kompyuta. Kebo zimefukiwa kutoka utawala hadi famasi, kutoka famasi hadi karakana, na kutoka karakana kurudi utawala. Ni pembetatu. Aliyeijenga alifikiri vizuri, kwa maana kebo moja ikikatwa na jembe, njia ya pili ipo.

Masika yale, wewe ukiwa chuoni, famasi ilianza kukatika. Haikukatika kila siku. Ilikatika mchana, mawingu yakishajikusanya upande wa Matogoro. Kompyuta za Bi Zaituni, mfamasia wetu kutoka Tunduru, zilikuwa zikigoma kufungua maagizo ya madaktari. Wagonjwa walikuwa wakipanga foleni mbele ya dirisha lake, wengine wakiwa wametoka Lusewa tangu usiku, nao walimwona amekaa mbele ya kompyuta inayowaka bila kutoa hata kidonge. Walimsema sana. Mama mmoja alimwambia, "Dada, kama umechoka si uende ukalale, utupishe?" Bi Zaituni alinyanyua simu ya mezani akanipigia.

Nilikuwa nikingoja radi ipite ndipo nivuke uwanja, na kila nilipofika, mtandao ulikuwa umesharudi. Nilikagua kebo, nikaangalia taa za swichi, nikazima na kuwasha, kisha nikaondoka nikiwa nimejipongeza kwa jambo ambalo sikulifanya. Mawingu yalipokusanyika tena, famasi ikakatika tena.

Hospitali nzima ilikuwa na jibu moja: maji. Mvua inanyesha, maji yanaingia kwenye kebo, mtandao unakufa. Jua likitoka, kebo inakauka. Katibu wa hospitali alilisema, walinzi walilisema, nami nikalisema kwa sauti kubwa kuliko wote kwa kuwa ndiye niliyetarajiwa kusema. Kebo kati ya utawala na famasi ilipita chini ya mfereji wa bati. Kwa kuitazama tu ungeapa kwamba ndiyo mgonjwa wetu.

Tulichimba. Walikuja vibarua, wakafukua mtaro kutoka ukuta hadi ukuta katikati ya bustani aliyoipenda katibu, tukatoa kebo ya zamani, tukaweka mpya ndani ya bomba, tukafukia. Niliipima kebo mpya kabla na baada ya kufukia. Ilikuwa safi. Katibu alinishika mkono mbele ya watu. Siku chache baadaye radi ilinguruma, na simu ya mezani kwangu ikalia.

Sasa sikiliza, kwa kuwa hapa ndipo penye kosa ambalo nimekuwa nikiliruka. Siku ile Bi Zaituni aliniuliza swali. Alisema, "Mwalimu, samahani, mimi si mtu wa mitambo. Hivi kama kebo imekufa, hii simu ninayokupigia inapita wapi?"

Skola, simu ile ilikuwa imechomekwa kwenye swichi ileile ya famasi. Ilipita kwenye mtandao uleule. Kama njia ingekuwa imekufa, asingenipata. Alikuwa amenipa nusu ya jibu, nami nikamwambia simu na kompyuta ni mambo tofauti, aniachie kazi yangu. Kwa lugha ilikuwa kauli sahihi kabisa. Simu na kompyuta ni tofauti kweli: kila moja ina VLAN yake, yaani swichi moja imegawanywa ndani iwe kama swichi kadhaa, simu katika kundi lao, famasi katika kundi lake, fedha katika kundi lao, makundi yasionane. Nilijua hilo. Nililijua kama nilivyolisoma, na sikujiuliza kwa nini kundi moja lipite na lingine lizuiwe kwenye kebo ileile. Nilikuwa ninatafuta maji, na maji hayachagui.

Kilichonitoa huko hakikuwa werevu wangu. Yalikuwa mambo mawili yaliyokataa kukaa pamoja na jibu letu. La kwanza, siku moja mawingu yalikuja, radi ikanguruma, famasi ikakatika, kisha upepo ukayabeba mawingu yote bila hata tone kuanguka. Nilitoka nje nikaushika udongo juu ya mtaro. Ulikuwa mkavu. La pili, Jumapili moja ilinyesha mvua kubwa hata tukashindwa kutoka kanisani. Niliwaza famasi misa nzima, Mungu anisamehe. Nilipopita pale baadaye, muuguzi wa zamu alinitazama kwa mshangao nilipomuuliza habari ya mtandao. Ulikuwa mzima mchana kutwa.

Radi bila mvua, ikakatika. Mvua kubwa ya Jumapili, haikukatika. Nilirudi nyumbani nikakaa na hayo mawili, na kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze nilisikia furaha. Sijui kama umewahi kuisikia, ile furaha ya kutambua kwamba hujui. Hofu ilikuwa imeisha kwa sababu jibu nililokuwa ninalilinda lilikuwa limekufa, na sikuwa tena na kitu cha kulinda. Kumbe kuna jambo pale, nilijiambia, na jambo hilo haliendi kazini Jumapili.

Jumatatu niliacha kuziangalia kebo nikaanza kuziuliza swichi. Unayajua haya kuliko mimi, lakini niache niyaeleze kama nilivyojieleza siku ile, maana nilihitaji kuanza upya kama mwanafunzi.

Swichi tatu zikiunganishwa kwa pembetatu, ujumbe unaweza kuzunguka ndani yake bila mwisho, ukiongezeka kila mzunguko, mpaka mtandao wote usonge. Kwa hiyo swichi zimefundishwa kupatana. Huchagua mojawapo iwe mzizi, kisha kila moja hutafuta njia fupi ya kuufikia mzizi huo, na njia inayobaki bila kazi hulazwa. Kebo ipo, taa inawaka, lakini haipitishi kitu mpaka njia nyingine ife. Njia moja ikikatika, iliyolala huamka. Huo ndio utaratibu ambao vitabu vyenu vinauita STP.

Mzizi huchaguliwaje? Binadamu anaweza kuzipa swichi daraja, la kwanza na la pili. Asipozipa, zote huwa sawa, nazo hutazama namba zilizopigwa kiwandani: yenye namba ndogo ndiyo hushinda. Na yenye namba ndogo, mara nyingi, ni ile iliyotengenezwa zamani zaidi.

Sikuwa nimezipa daraja. Nilidhani mzizi ni swichi ya utawala, kwa sababu ndiyo kubwa, ndiyo mpya, na ndiyo iliyo ofisini kwangu. Niliiuliza. Ikanijibu kwamba mzizi ni swichi ya karakana.

Nilicheka peke yangu. Ile ilikuwa swichi ya kwanza kabisa ya hospitali. Tulipopata mpya tuliipeleka kwa maseremala kwa sababu hatukuwa na moyo wa kuitupa. Na kwa kuwa mzizi ulikuwa kule, kila kilichotoka famasi kilikuwa kikienda utawala kwa kupitia karakana, na kebo ya moja kwa moja kati ya famasi na utawala ilikuwa imelala. Kebo ileile, Skola. Tulikuwa tumechimba bustani ya katibu na kubadilisha kebo ambayo siku za jua haikubeba hata neno moja.

Basi nikangoja mawingu, na yalipokuja sikwenda famasi. Nilikwenda karakana.

Mzee Komba alikuwa anapiga randa ubao wa kitanda. Unamkumbuka, fundi mkuu wa maseremala, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto. Radi ilipiga mbali. Aliweka randa chini, akafuta mikono, akatembea bila haraka hadi ukutani, akavuta plagi moja nene iliyobeba waya wa kuongezea. Redio ikanyamaza. Taa za swichi juu ya kabati zikazimika.

Nikamwuliza amefanya nini.

"Nimechomoa," alisema, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Wewe kwako huchomoi?"

Ninachomoa. Wewe pia unachomoa. Hakuna nyumba Songea ambayo radi ikianza kunguruma mtu haendi kwenye televisheni. Umelelewa hivyo, nami nimelelewa hivyo, na wote hospitalini wanafanya hivyo kwa vitu vyao. Mzee Komba alikuwa akichomoa kila mara, siku za kazi, mawingu yakiwa bado mbali, na akichomeka tena mbingu zikitulia. Jumapili hayupo, hivyo hakuna anayechomoa. Alikuwa ameanza masika yale, baada ya radi ya mwaka uliotangulia kumuunguzia mashine ya kutoboa mbao.

Akichomoa, mzizi unatoweka. Swichi mbili zilizobaki zinapatana upya, na kebo iliyolala inaamka. Hapo palikuwa na kosa la pili, nalo lilikuwa langu mwenyewe. Nilipotengeneza VLAN ya famasi niliiruhusu kupita kwenye njia mbili nilizoziona zikifanya kazi. Ile ya tatu ilikuwa imelala, sikuiruhusu, na kwa kuwa ilikuwa imelala hakuna aliyelalamika. Kundi la simu liliruhusiwa tangu zamani kwenye njia zote. Kwa hiyo kebo ilipoamka, simu zilipita, famasi ikazuiwa. Bi Zaituni alikuwa ananipigia kwa njia ileile iliyokuwa inamkataa.

Katika habari ya mezani, hapa ndipo ninaposema "basi nikarekebisha," na wageni wanaguna kwa heshima. Sikurekebisha. Nilibandika tangazo. Niliandika kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili kisicho na doa, kwamba ni marufuku kwa mtumishi yeyote kuchomoa plagi hii kwa sababu yoyote, nikalibandika juu ya soketi.

Mzee Komba alilisoma polepole. "Mwalimu," akasema, "umeandika vizuri. Sasa na radi nayo tuiite, ije isome?"

Maseremala wakacheka. Nilikwenda kwa katibu, na katibu akatoa amri. Nilirudi ofisini kwangu nikiwa nimeridhika kabisa.

Alasiri moja baadaye radi ilinguruma, na mlango wangu ukafunguliwa. Aliingia Mzee Komba, na nyuma yake maseremala wote. Walinisalimu, wakakaa kwenye benchi, na aliyekosa nafasi akakaa chini. Nikauliza kuna nini. Mzee Komba akasema hawakuchomoa, wametii amri. Ila hawawezi kukaa ndani ya nyumba ya bati yenye vitu vilivyochomekwa wakati radi inapiga, kwa hiyo wamekuja kukaa kwangu. Aliuliza kama kuna chai.

Walikaa mpaka mbingu zilipotulia. Vitanda vya wodi ya watoto havikuguswa alasiri ile. Nami nilikaa nao nikitazama mikono yao, na aibu niliyokuwa nimeitarajia haikuja. Lilikuja swali badala yake: kwa nini dawa za mgonjwa wa Lusewa zitegemee ujasiri wa seremala? Mzee Komba alikuwa amefanya jambo la busara. Mtandao wangu ndio uliogeuza busara yake kuwa hitilafu. Nilikuwa nimetengeneza kitu kilichohitaji watu waache akili zao mlangoni ndipo kifanye kazi, kisha nikawalaumu kwa kuingia nazo.

Kazi yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko chai. Niliipa swichi ya utawala daraja la kwanza, ili ichaguliwe kuwa mzizi kwa kuwa imeteuliwa. Nikaipa ya famasi daraja la pili, ya utawala ikizimika ishike nafasi. Nikairuhusu VLAN ya famasi kwenye njia zote tatu, iliyo macho na iliyolala. Ile swichi ya zamani ikabaki karakana ikiwahudumia maseremala, bila madaraka.

Kisha, siku ya jua, nilikwenda kumwomba Mzee Komba achomoe.

"Nichomoe kweli?" akauliza. "Na tangazo?"

Nikalibandua mbele yake. Akaivuta plagi kwa madaha, kama anayefungua sherehe. Nilimpigia Bi Zaituni kwa simu ya mkononi nikamwuliza anaona nini.

"Mwalimu, mbona hakuna kitu? Ninaendelea kutoa dawa tu."

Nikamwambia hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Kisha nikamwomba radhi kwa siku ile ya simu. Alisema, "Yamepita, Mwalimu," halafu akauliza VLAN ni kitu gani hasa, nami nikamweleza kwa kirefu huku foleni ikimngoja, mpaka akanikatiza kwa upole.

Nimekuandikia yote haya, na huenda unajiuliza kama ninataka kukufundisha STP barua nzima. Hapana. Kule utakutana na hitilafu zinazokuja na kuondoka, na hizo ndizo zinazomvunja fundi mgeni, kwa sababu akifika zimepona na watu wanamwangalia. Hofu hiyo niliiona usoni kwako mapema mwezi huu, ulipouliza mtu afanye nini akiulizwa asichokijua mbele za watu. Nilikujibu ujiandae vizuri. Lilikuwa jibu bovu. Mimi nilikuwa nimejiandaa vizuri na nikachimba bustani ya watu. Kilichonisaidia ni siku niliyosema sijui na kuanza kutazama: lini inakatika, lini haikatiki, na watu wanafanya nini wakati huo. Nenda ukaitazame mitambo siku ambayo ni mizima, ujue njia zake zinapita wapi hasa, siyo unapodhani zinapita. Na mtu wa dirishani akikuuliza swali, simama ulisikilize hata kama hajui jina la kitu anachokiuliza.

Na sasa ile simu ya Njombe. Nimeitafakari tangu Jumapili kwa utulivu ule ambao ningeutumia kazini, nikaona nilichofanya. Nilitaka kila kitu chako kiendelee kupitia kwangu, na sikuwa na sababu nyingine isipokuwa kwamba nimetangulia kuwapo. Jana nilimpigia tena mkuu wako. Nilimwambia ninaliondoa ombi langu. Akashangaa, akauliza, "Kwa hiyo nisimwangalie, Mwalimu?" Nikamwambia amwangalie kama anavyomwangalia fundi yeyote, ampe kazi ya wodini siku anayompa mtu mwingine, na akikosea amwambie yeye, asinipigie mimi. Alicheka akasema hajawahi kunisikia nikifuta nilichoandika. Sikucheka naye, lakini nilikata simu nikiwa mwepesi.

Utakosea, Skola. Kwa hesabu yangu utakosea mapema, nami sitakuwa na habari. Ni vigumu kuliandika hili kuliko yote niliyoandika juu yake.

Limebaki jambo moja, na silo wosia. Tangu mwezi uliopita swichi ya jengo la wazazi, lililounganishwa baada ya yale matatu, inahesabu mabadiliko ya njia. Kila nikiitazama hesabu imepanda, kana kwamba kuna kebo inayochomolewa na kuchomekwa, na hakuna kebo iliyoguswa. Hakuna anayelalamika, mtandao unafanya kazi. Nilidhani ni kompyuta za wauguzi zinapowashwa, nikaipanga milango yote ya kompyuta hizo isihesabiwe, na bado inapanda. Inapanda mchana zaidi kuliko usiku. Nimewauliza wauguzi wanafanya nini, nimekaa pale asubuhi nzima kwenye kiti cha wageni nikitazama taa. Nilitaka kukuuliza tangu Jumamosi iliyopita, halafu Jumapili ikatokea.

Sijui ni nini. Wewe ungeanzia wapi?

Mama yako